Njia ya Miguu ni Sehemu ya Tiba

Serikali ya Kenya ilipoazimia, mwezi wa Desemba mwaka 2018, kuujaribu mpango wa afya kwa wote katika kaunti nne kabla ya kuueneza nchi nzima, Nyeri iliteuliwa pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo. Na sababu ya uteuzi huo haikuwa jambo la kujivunia, kwani kila kaunti iliingizwa katika jaribio kwa shida yake mahsusi, na shida ya Nyeri ilikuwa ni maradhi yasiyoambukiza, kisukari na shinikizo la damu yakiwa mbele. Mgeni atokaye mbali, akishuka kwenye matatu asubuhi na kuvuta hewa ya mlima, akiona viazi, sukuma wiki, ndizi na maparachichi yamepangwa hadi kando ya barabara, na akitazama vilima ambavyo hapana avipandaye asitokwe na jasho, angeapa kwamba watu wa hapa hawamjui tabibu ila kwa jina. Hospitali ya rufaa ya kaunti, na zile za misheni za Mathari na Tumutumu, zingemwonyesha mengine, kwa namna mabenchi ya kliniki zao yanavyojaa siku ya presha.

Sababu za kinyume hiki ni nyingi, na sidai kuzijua zote. Lakini mojawapo ni kwamba tumeacha kutembea. Dai langu ni kuwa, ikiwa tunataka watu warudi kutembea, nasaha peke yake haitoshi, bali kaunti zote za eneo la Mlima Kenya, kuanzia Murang'a na Kirinyaga hadi Embu, Tharaka Nithi, Meru, Laikipia na Nyeri yenyewe, zinapaswa kuihesabu njia ya waendao kwa miguu kuwa ni sehemu ya tiba, kama zinavyoihesabu zahanati na dawa zilizomo ndani yake.

Presha ina hila ambayo maradhi mengi hayana, nayo ni kutouma. Malaria humtetemesha mtu hata akatafuta dawa bila kuambiwa, na jino humkosesha usingizi. Ama presha, humwacha mwenyewe alime, auze, acheke na jirani zake, ilhali mishipa inakakamaa na moyo unafanya kazi isiyo na kiasi, hadi siku ambapo upande mmoja wa mwili unakataa kuinuka kitandani. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uliwakuta watu wazima 24 hivi katika kila 100 wana shinikizo lililopanda. Zaidi ya nusu ya watu wazima wa nchi hii walikuwa hawajapimwa hata mara moja maishani mwao. Na miongoni mwa wale waliokuwa na maradhi, tisa katika kila kumi hawakuwa wakitumia dawa yoyote. Kiharusi, moyo uliochoka na figo zilizoharibika ndiyo matokeo yake, na mwenye ndugu anayesafishwa damu mara mbili kwa juma ajua jinsi ng'ombe anavyouzwa kwanza, kisha miti, na mwisho kipande cha shamba la kahawa.

Wapo wanaosema kwamba presha ni urithi wa ukoo na kwamba hapana mtu awezaye kushindana na damu ya babu yake. Urithi una sehemu yake, lakini historia ya Afrika Mashariki inatoa ushahidi mwingine. Mwaka 1929, tabibu C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Kavirondo ya Kusini, karibu na Ziwa Viktoria, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya watu wapatao 1,000, akaonyesha kwamba shinikizo la wenyeji wale halikuwa likipanda kadiri umri unavyosonga, kama lilivyokuwa likipanda kwa watu wa Ulaya. Miongo sita baadaye, mwaka 1990, Neil Poulter na wenzake walitoa habari za Waluo waliohama mashamba ya magharibi kwenda kutafuta kazi Nairobi: shinikizo lao lilipanda mapema, katika miezi ya kwanza tu ya maisha ya mjini, na mkojo wao ukaonyesha kuwa chumvi imezidi na potasiamu imepungua. Watu wale hawakubadilishiwa babu zao njiani. Waliyoyabadilisha ni makazi, chakula na mwenendo wa siku.

Tofauti ya watu wale na sisi wa mlimani ni kwamba wao waliufuata mji, nasi mji umetufuata nyumbani. Zamani si nyingi, mama wa Othaya alibeba majani ya chai kwa kikapu hadi kituo cha kununulia, mwanafunzi alivuka mabonde mawili kabla ya kengele, na mkulima wa kahawa alipeleka matunda yake mekundu kiwandani kwa miguu, akarudi kwa miguu, asione kuwa ametenda jambo la kusimuliwa. Kisha kodi ya ongezeko la thamani ikaondolewa juu ya pikipiki ndogo, mwaka 2008, na bodaboda zikaingia hadi kwenye vichochoro ambavyo hata mkokoteni ulikuwa haufiki. Siandiki haya kuzishutumu, kwa maana zimewapa vijana wengi riziki ya halali na zimewafikisha akina mama wajawazito hospitalini usiku wa manane. Nasema tu kwamba zimetuondolea, pamoja na adha ya safari, ile faida iliyokuwa imejificha ndani ya adha. Mzee hatoki langoni kwake ila kijana amekwisha kupunguza mwendo kando yake na kumwambia, "Guka, panda twende," naye guka, yaani babu huyo, kwa adabu na kwa uchovu wa magoti, anapanda, hata kama aendako ni dukani tu.

Fauka ya hayo, aibu imeingia. Mtu ajulikanaye kuwa ana gari, akionekana asubuhi anatembea kwenye barabara ya Kamakwa akiwa amevaa raba, atasimamishwa na marafiki watatu kabla hajafika mbali, na kila mmoja atamuuliza kwa huruma ya kweli, "Gari imeharibika?" Akijibu kwamba gari ni zima na liko nyumbani, watamtazama kwa namna ya kudhani kwamba benki imelichukua. Katika fikira zetu mwenye kutembea ni mhitaji, au ni bingwa. Na Nyeri, iliyomzaa Catherine Ndereba, mshindi wa mbio za Boston mara nne na bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2003 na 2007, inaujua ubingwa vizuri mno, hata mtu wa kawaida hudhani kuwa mazoezi ni ya wale watakaovishwa nishani. Katikati ya mhitaji na bingwa hapana nafasi ya karani, mwalimu, mwenye duka na mchungaji wa kanisa, ambao ndio hasa wanaokaa kutwa.

Ubaya wa kukaa kutwa si dhana ya juzi. Mwaka 1953, Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya watumishi wa mabasi ya ghorofa ya London, ambamo dereva alikaa kitini saa zote za kazi, na kondakta akapanda na kushuka ngazi akikusanya nauli. Wote wawili walitoka katika tabaka moja la watu, wakavuta hewa moja ndani ya chombo kimoja, lakini maradhi ya moyo yaliwapata madereva zaidi kuliko makondakta, na yalipowapata makondakta yalikuwa na ukali mdogo. Atakaye mfano wa karibu asimame katika kituo cha matatu cha Karatina, aone ni nani anayeruka chini kwenye kila kituo, na ni nani asiyenyanyuka tangu Nyeri hadi Nairobi isipokuwa kwa chai na chapati.

Mtu anapotembea kwa mwendo wa haraka kidogo, mwendo wa kuweza kuzungumza lakini si kuimba, misuli ya miguu hudai damu zaidi, na mishipa hupanuka ili kuipitisha. Ngozi laini iliyo ndani ya mshipa hutoa kemikali inayoilegeza misuli ya mshipa wenyewe, na neva ambazo kazi yake ni kuubana mwili kwa wasiwasi hutulia. Hali hiyo haikomi pale mtu anapoketi, bali hudumu kwa saa kadhaa, na kwa mwenye kuishika ada hiyo wiki baada ya wiki, mwili huizoea ikawa ndiyo hali yake. Mwaka 2021, shirika la Cochrane, linalochambua ushahidi wa tiba, lilikusanya majaribio 73 yenye washiriki 5,763 kutoka nchi 22, likakuta kwamba kutembea hushusha namba ya juu ya shinikizo kwa milimita 4 hivi za zebaki, na ya chini kwa karibu 2. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, ambazo ni sawa na nusu saa kwa siku tano.

Milimita nne ni haba, na anayeihubiri miguu kana kwamba ni muujiza anawadhulumu wagonjwa. Mwenye 170 kwa 105 hatafika 140 kwa 90 kwa kutembea peke yake, na akivitupa vidonge vyake kwa sababu amenunua viatu vipya, huenda viatu hivyo vikamfikisha wodini. Lakini fadhila ya namba ndogo huonekana inapogawiwa watu wengi: ikiwa mji mzima utashuka kwa milimita nne, wapo ambao hawatavuka mpaka wa ugonjwa kamwe, wapo ambao kidonge kimoja kitawatosha badala ya viwili, na vipo viharusi ambavyo havitatokea, ingawa hapana atakayejua viharusi hivyo vingekuwa vya nani. Kadhalika, kutembea hupunguza uzito, hukisaidia kisukari na huleta usingizi. Na hapana mgonjwa wa presha ambaye mambo hayo matatu hayamhusu.

Kuna hoja moja inayotolewa na watu wenye busara, nayo yastahili jibu. Husema: bibi zetu walitembea maisha yao yote, na kuni mgongoni, na ukanda wa mzigo umewachora paji la uso, nao pia leo wana presha, basi mwendo umewafaa nini? Jibu la kwanza ni kwamba kubeba mzigo mzito juu ya kilima si sawa na kutembea mikono mitupu, kwa maana mzigo huufanya mwili ujikaze na shinikizo lipande kwa wakati ule. Jibu la pili, ambalo ni kubwa zaidi, ni chumvi. Kaskazini ya mlima wetu wanaishi Wasamburu, na mwaka 1969 A. G. Shaper, aliyekuwa mwalimu wa tiba huko Makerere, pamoja na wenzake, waliandika habari za morani wa Kisamburu walioandikwa katika jeshi la Kenya: vijana waliokuwa wakiishi kwa maziwa walihamia kwenye chakula cha kambi chenye chumvi nyingi, na shinikizo lao likapanda. Hapana awezaye kusema kwamba askari hatembei. Muradi wangu ni kwamba mguu hauwezi kuisamehe sahani. Atembeaye kutoka mjini hadi King'ong'o, kisha akaketi mbele ya nyama choma na kumimina chumvi hadi ubao ukawa mweupe, amejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Kiasi kinachopendekezwa kwa siku nzima hakizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo imo ile iliyokwisha kutiwa katika mkate, katika viungo vya paketi na katika chipsi.

Kupima nako kuna adabu yake, maana atembeaye pasipo kupima hajui amefika wapi. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanapita nyumba kwa nyumba wakiwa na mkoba wenye kipimo cha presha, na hiyo ni neema ambayo wazazi wetu hawakuipata. Lakini tazama mambo yanavyokwenda katika asubuhi ya ukungu wa Julai: mama amepanda kilima kutoka Mto Chania, bado anahema, amevaa sweta na koti juu yake, na mkono wake unafungwa kitambaa cha kipimo juu ya nguo hizo zote, huku anaulizwa habari za watoto; namba itakayotoka ni ya kilima, ya baridi na ya mazungumzo, si ya mama. Mhudumu aijuaye kazi yake humwambia, "Mama, keti kwanza, upumzike, tutaongea tukimaliza." Kisha humvua koti na kuupandisha mkono wa sweta, humwegemeza mgongo kitini, huiweka miguu yake miwili sakafuni bila kuipishanisha, huulaza mkono juu ya meza usawa wa moyo, hungoja dakika tano, hupima, hungoja tena, hupima mara ya pili. Baridi yenyewe huibana mishipa, na msimu wa Juni hadi Agosti namba za wengi hupanda kidogo. Ndiyo sababu nyingine ya kutohukumu kwa kipimo kimoja.

Tuseme basi kwamba mgonjwa amepimwa vizuri, amepewa dawa, na daktari amemwambia, kama wasemavyo wote, "Na utembee." Atembee wapi? Nyeri ni mji ambao skauti wa mataifa mengi huujia kwa ziara, kwa kuwa Baden-Powell, aliyewafundisha vijana wa dunia kusoma njia na kuzifuata kwa miguu, alifariki hapa tarehe 8 Januari 1941 na kaburi lake liko hapa. Lakini mwenyeji anayetoka kaburini hapo kuelekea Ruring'u atajikuta mara anatembea pembeni pa lami, mara ndani ya mtaro, mara katikati ya meza za wachuuzi, na mvua za Aprili zikinyesha, udongo mwekundu humvuta kiatu. Barabara mpya ya Kenol, Sagana na Marua, yenye urefu wa kilomita 84 hivi, imefupisha safari ya Nairobi na imewapa madereva raha waliyoistahili. Ila kwa mtu wa Karatina au wa Sagana ambaye shamba lake liko upande huu na soko liko upande ule, raha hiyo ni hatari inayopita kasi. Katika ajali za barabara za Kenya, kundi linalopoteza roho nyingi kuliko yote ni la waendao kwa miguu. Kumwambia mtu atembee kwa ajili ya moyo wake, kisha kumwachia ukingo wa barabara ya namna hiyo, ni kumwandikia dawa isiyopatikana dukani.

Wanawake wana shida yao mahsusi. Saa ambayo mwalimu au karani wa kike angeweza kutembea ni alfajiri kabla ya kazi, au magharibi baada yake, na saa zote mbili ni za giza. Pasipo taa, atakayethubutu ni mwanamume au ni kundi. Nanyuki, iliyokaa juu ya uwanda ulio karibu tambarare, ingeweza kwa gharama ndogo kuwa mji mzuri wa kutembea kuliko yote ya mlima. Embu na Meru, ambazo zina miteremko mikali, zinahitaji ngazi na vyuma vya kushikia, kwa maana mwenye miaka sabini hawezi kupanda utelezi. Nyeri ina bustani ya Whispers, ina uwanja wa Ruring'u, na ina viwanja vya shule ambavyo milango yake hufungwa Jumamosi na Jumapili, siku ambazo watu wangekuwa na nafasi.

Haya ninayoyaomba hayahitaji mkopo kutoka ng'ambo. La kwanza, kila barabara ya kaunti inayotengenezwa upya ndani ya mji, na inayotoka mjini kwa mwendo wa nusu saa, iwe na njia ya miguu iliyoinuliwa, yenye taa, isiyokodishwa kwa wachuuzi; na wachuuzi wenyewe watafutiwe mahali pa haki, kwani nao wana riziki ya kutafuta. La pili, viwanja vya shule za umma vifunguliwe mwisho wa juma kwa wenye kutembea, chini ya mlinzi, kwa saa zinazojulikana. La tatu, zahanati ziandike kutembea kwenye kadi ya mgonjwa kama ziandikavyo dawa, kwa kipimo na kwa siku, na mhudumu wa afya ya jamii aulize habari zake anapopita, kama aulizavyo habari za vidonge. Makanisa, ambayo nguvu yake katika milima hii haina mfano, yangeweza kufanya la nne bila kuombwa na serikali: mchungaji aliyeegesha gari lake na kuja ibadani kwa miguu Jumapili moja ataiondoa ile aibu kwa wepisi kuliko makala mia moja kama haya.

Katiba yetu inampa mwananchi haki ya kushirikishwa kabla ya fedha ya umma kupangwa, na kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Julai kufungua mwaka mpya wa fedha, kaunti huita mikutano ya kusikiliza maoni. Aghalabu mikutano hiyo huhudhuriwa na watu wachache, na wachache hao huomba hospitali, dawa na daktari. Maombi ya haki kabisa. Mwenye presha, au mwenye mzazi aliye nayo, aende mara hii na kuuliza, kwa adabu na kwa sauti ya kusikika, ni shilingi ngapi zimetengwa kwa dawa za presha na ni ngapi kwa njia ya kutembelea, kisha adai kwamba namba hizo mbili ziandikwe katika sura moja ya bajeti, chini ya neno afya.